Siku Niliyomkalia Baba Mkwe kwa Ajili ya Samaki

Habari hii sijawahi kuisimulia mbele ya wanaume, na hata ninyi nawasimulia kwa sababu mmenibana. Chekeni tu, nami nitacheka nanyi mpaka katikati, kisha mtaniacha nimalize mwenyewe. Mimi Yustina, mwanamke mwenye akili zangu, nilimkalia baba mkwe wangu. Nasema nilimkalia, kwa makalio haya haya, mbele ya wazee watatu wa kanisa, nimejifunika blanketi gubigubi, na yote hayo kwa ajili ya samaki asiyetosha hata mboga ya paka.

Mimi ni Mhehe wa Iringa, niliolewa na Mnyakyusa wa Tukuyu, Asajile, karani pale Mbeya mjini, miaka ile ya hamsini Waingereza wangali wanatutawala. Kwetu baba mkwe unampigia goti, unamwamkia, mambo yamekwisha. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule baba mkwe alikuwa haonwi na mke wa mwanawe. Humtazami, hakutazami, husemi naye, hata jina lake hulitaji, na mkikutana njiani unaingia migombani unageuza uso mpaka apite. Jirani yangu Mama Lusajo, Mnyakyusa mwenyewe, ndiye aliyenifunza yote hayo, na nilipomwuliza, "Je, ukimgusa kwa bahati mbaya?" alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua linaweza kuanguka kisimani, akasema, "Nani amguse?"

Mwaka ule nilikuwa nimezika mtoto. Wa kwanza, wa kike, wiki tisa. Sitasema zaidi ya hapo, ila mjue kwamba nyumba ilikuwa kimya mno na mimi nilikuwa nashona kwenye baraza la duka la nguo la Mhindi mmoja, cherehani inakwenda na machozi yanakwenda. Mke wa mwenye duka, Mama Zarina, alikuwa na samaki wadogo aliowaleta kutoka Dar es Salaam kwenye treni na lori, kila mmoja ndani ya chupa yake ya jamu, na kati ya chupa na chupa ameweka kipande cha boksi, maana hao samaki madume wakionana tu wanataka kuuana. Siku moja akanishika mkono akanipeleka nyuma. "Chagua moja," akasema. "Nyumba bila kitu ya kulisha mbaya."

Nikamwona mmoja mwekundu, mkubwa, mapezi marefu kama shela ya bibi harusi, nikamtaka yeye. Mama Zarina akatikisa kichwa. "Huyu hapana. Tazama, mapezi imeshikana, analala chini, hapandi. Weka kidole hapa. Atakayekuja, huyo mzima." Nikapitisha kidole chupa kwa chupa, na mdogo mmoja wa buluu, wala si mzuri sana, akaja mbio akafungua mapezi yote kunitisha. Mimi, mwanamke wa kilo sabini. Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikamchukua.

Nilifundishwa na nilishika. Maji ya mvua yaliyokaa siku mbili, na siyabadilishi yote kwa mpigo. Viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa, vitatu au vinne basi, maana tumbo lake halizidi jicho lake. Zaidi ya yote, joto. Samaki yule ni wa nchi za joto, na Mbeya mwezi wa sita (ninyi mnaijua) asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi. Kwa hiyo mchana nilimweka sebuleni dirishani apate jua, jioni nikamhamishia jikoni, karibu na mkaa lakini si karibu sana. Jina sikumpa. Jina la mtoto wangu nilikuwa bado sijamaliza kulitaja.

Ndipo ikaja barua kwamba baba mkwe anakuja. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa Mbeya alikubali kumpasua siku ya Jumatatu. Angefika Ijumaa, angelala kwetu. Mjue pia kwamba mzee huyu hakutaka kabisa mwanawe aoe Mhehe, wala hakuja kwenye mazishi ya mjukuu wake, na jambo hilo nilikuwa nimelimeza likanikaa hapa kooni. Nikasema basi, nitamtunza nyuma ya ukuta mpaka aone mwanawe ameoa mtu. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili, sebule mbele ambako angelala yeye, chumba chetu nyuma chenye mlango wake wa uani, katikati ukuta wa udongo na pazia.

Sasa tazameni jambo dogo lilivyo na hatari. Asajile aliniuliza, "Chupa ya samaki niitoe?" Nikasema iache. Ilikuwa majivuno tu, nilitaka mzee aone kwamba nyumba ya mwanawe ina kitu kizuri cha kutazama. Usiku wa kwanza Asajile alinipitishia chupa kwenye pazia, nikampasha moto samaki wangu, asubuhi tukamrudisha dirishani. Usiku wa pili mzee akasema aachwe hapo hapo, anamzungumzisha.

Ni kweli, alikuwa anamzungumzisha. Mimi huku nyuma nachambua mchele, nasikia sauti nzito ya taratibu upande wa pili: "Wewe samaki, jana ile ndizi imepikwa mzuri sana. Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa. Kisha tena: "Wewe samaki, tumbo yangu inapenda haya maji ya vuguvugu. Anayechemsha, Mungu amwone." Nikacheka kimoyomoyo, nikasema uzee ni uzee. Jumamosi jioni akasema tena, polepole, neno moja moja: "Wewe samaki, nyumba hii ilipata msiba. Mimi nilisikia. Sikuja kuzika kwa sababu huyu ugonjwa ilinilaza chini. Lakini moyo yangu ilikuja." Niliacha mchele nikalia, nikidhani nimesikiliza mazungumzo ya watu kwa wizi.

Jumapili kulikucha kwa baridi ya kukata masikio. Asajile alitoka mapema kwenda kushughulikia karatasi za hospitali, Mama Lusajo yuko uani kwake anafua. Nikamsikia mzee: "Wewe samaki, leo hunisikilizi. Umelala ubavu. Baridi imekuzidi." Moyo ukaniruka. Najua mnachotaka kuuliza, na mimi nimejiuliza miaka yote hii, kwa nini sikumwita Mama Lusajo aingie anitolee chupa? Hatua ishirini tu. Niliona aibu. Wanawake wenzangu walikuwa wanapiga kelele kwa sababu watoto wao wanahara, mimi nipige kelele samaki wangu ana baridi? Wangesema msiba umenigeuza kichwa. Na labda ulikuwa umekigeuza kidogo.

Nikakaa nimetega sikio. Nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa, viatu, viatu tena, sauti za kiume za salamu, kisha kimya kabisa. Nikasema, haya, wazee wa kanisa wamekuja kumwona, wametoka naye nje waote jua. Nikangoja kidogo. Kimya. Basi nikachukua blanketi nikajifunika kuanzia utosini (nisije nikamwona kwa mbali kupitia mlangoni, si mnaona nilivyokuwa na adabu), na kwa adabu zaidi nikaingia kinyumenyume. Kutoka kwenye pazia mpaka dirishani ni hatua sita. Nilikuwa nimezihesabu.

Hawakuwa wametoka. Walikuwa wamepiga magoti, wanne, vichwa chini, wanasali kimya kwa ajili ya upasuaji wa kesho.

Hatua ya nne nilikanyaga soli ya kiatu cha mtu, ya tano nikakanyaga mguu wenyewe, nikatupa mikono kutafuta pa kushika, nikashika kitambaa cha meza ya pale dirishani, chupa ikaja nacho, nami nikaketi juu ya kitu kikavu chembamba kilichoguna. Mzee mmoja akasema "Amina" kwa haraka, nadhani kwa kukosa neno jingine. Mwingine akasema kwa sauti ndogo, "Mama, umemkalia mkweo." Blanketi lilikuwa limenidondoka mabegani. Nikatazama. Nikamwona, mara ya kwanza na ya mwisho, mzee mwembamba kuliko nilivyomdhania, tayari ameugeukia ukuta na amevuta koti kichwani ili asinione. Na samaki anarukaruka sakafuni katikati ya vioo.

Nilikimbia. Sikumwokota samaki, sikuomba radhi, nilikimbia mpaka jikoni nikajifungia. Yaliyofuata nilisimuliwa na mzee mmoja wa kanisa. Baba mkwe, koti bado limemfunika uso, alipapasa sakafu kwa mkono, akajikata kidole kwenye kioo, akaendelea kupapasa mpaka akamshika samaki, akamtia kwenye kikombe chake cha maji ya vuguvugu. Kisha akaagiza mzigo wake ufungwe.

Asajile aliporudi alimkuta amekaa nje, mgongo umeielekea nyumba. Wazee wa kanisa walimsihi, wakamwambia hayo ni mambo ya zamani, Mungu hatazami hayo, apelekwe kwa jamaa mwingine hapo mjini na kesho apasuliwe. Akasema hawezi kulala chini ya kisu akiwa na jambo la namna hii juu yake, kwanza arudi nyumbani lisafishwe kama linavyosafishwa, ndipo atakuja. Hakusema kwa hasira. Alipanda lori la Tukuyu mchana ule ule.

Usiku nilimwambia Asajile jinsi nilivyosikia samaki akizungumzishwa, nikadhani tutacheka kidogo. Hakucheka. "Alimsemesha kwa lugha gani?" akauliza. Nikasema Kiswahili. "Baba hapendi Kiswahili," akasema. "Kinamchosha. Hata barazani kwa Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, anataka mkalimani."

Ndipo nikaelewa, na naomba hapa msinicheke. Mzee alikuwa anasema na mimi. Mila ilimkataza kunisemesha, kwa hiyo alimsemesha samaki, tena kwa lugha ambayo Mhehe angeielewa, siku tatu nzima, hata asubuhi ile alinieleza wazi kwamba samaki anaumwa na baridi. Nami ningeweza kujibu kwa njia ile ile, nikae huku nyuma na mchele wangu niseme, "Wewe samaki, kama kungekuwa na mtu wa kukusogeza chini ya pazia." Angesogeza. Jumatatu angepasuliwa.

Kusafisha jambo lile kulihitaji ng'ombe na ndugu kukutana, na ndugu hawakukutana mpaka mwezi wa nane. Uvimbe haukungoja. Daktari alipomwona mara ya pili alisema umechelewa. Mvua zilipoanza alikuwa hanyanyuki, na Asajile alipokwenda kumwona, neno la kwanza aliloulizwa ni, "Yule samaki alipona?" Akamjibu kwamba alipona, anakula, anatengeneza mapovu juu ya maji. Mzee akasema, "Basi kuna kitu nilifanya katika nyumba ile." Alifariki wiki iliyofuata.

Samaki aliishi mwaka mzima tena. Nilimtunza vizuri, nilimchukia, nilimtunza. Alipokufa nilimrudishia Mama Zarina vifaa vyake, na sijafuga tena kitu chochote kinachokaa ndani ya maji. Na tangu hapo, nikihitaji jambo, hata liwe dogo, hata liwe la kijinga, naliomba kwa sauti mpaka mtaa wa pili wasikie. Wanangu wanasema mama yao hana aibu. Nawaacha waseme.