Togwa Niliyoificha Melini

Sikuwa nimelala. Sikuwa na homa. Sikuwa nimeonja tone la pombe, na jua lilikuwa linawaka. Nayataja haya mapema kwa sababu nimechoka kuulizwa. Nikisimulia, wanaume hucheka, na wanawake huniuliza kama siku ile nilikuwa nanyonyesha kwa njaa. Nilikuwa nimeshiba! Nina kidato cha nne, cheti kiko sandukuni, na akili zangu zilikuwa kichwani. Kilichonipata kwenye ile meli kilinipata kweli, na aliyekileta alikuwa ananiita mke wangu.

Tulikuwa tunakaa upande wa Chato, lakini mume wangu, Baba Limi, alishinda Geita kwenye mashimo ya dhahabu. Shimo lenyewe wachimbaji huliita duara. Duara lake lilikuwa mwaka wa pili halitoi hata punje. Alikonda, halali, akiulizwa jambo anajibu nusu. Nilimhurumia. Mimi huyu nilimhurumia! Kabla yangu alikuwa na mke mwingine, Mama Kabula, mtu wa Didia kule Shinyanga. Aliniambia yule mwanamke alimtoroka na mtoto mgongoni, akarudi kwao, akaolewa na dereva wa lori la pamba. Nikamchukia bure. Nilikuwa nikisema, mwanamke gani huyo anamkimbia mwenziwe kwa sababu ya shida?

Sasa sikiliza jambo moja, maana kisa chote kiko hapo. Kwetu Usukumani anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Iwe pombe, iwe togwa, iwe maji ya mtungini, anapiga funda moja ndipo anakukabidhi. Kila mtu anajua maana yake: sijakuwekea kitu. Mimi nilipoolewa niliikomesha desturi hiyo nyumbani kwangu. Nilikuwa nimetoka shule, nimefundishwa vijidudu vya kifua kikuu, nikaona ni uchafu watu wazima kupokezana mate. "Baba Limi, huu ni ushamba," nilimwambia. Hakubisha. Alicheka tu, akasema, "Sawa, mwalimu." Nikajiona nimeshinda.

Limi alipofika miezi minane, mume wangu akaniambia nimpeleke Mwanza kwa mama yangu akamwone. Nilifurahi. Asubuhi ya safari alikuja na kibuyu cha togwa, amekiziba kwa gunzi, na shingoni kina alama yake ya moto, mistari mitatu. Ndiyo alama ya ng'ombe wa baba yake, naye aliichoma kwenye kila kibuyu chake.

"Soda za melini ni za kulangua, na maji yao machafu," alisema. "Mkifika katikati ya ziwa mpe hii. Ila wewe usinywe, nimekoroga kidogo, ni ya mtoto."

Mwanamume ambaye hajawahi hata kuchemsha uji wa mwanawe amekoroga togwa! Na mimi, msomi, nikasema ahsante.

Melini kuingia na kinywaji chako ilikuwa marufuku. Baa ya meli ilitaka wateja, ingawa miaka ile ya foleni za sabuni na sukari baa yenyewe ilikuwa na kreti mbili za soda za moto. Kwa hiyo kila mtu alificha chake. Kwenye ngazi alisimama baharia mmoja mwenye filimbi, anapapasa mizigo. Mbele yangu kulikuwa na mama mnene aliyejifunga tumboni mpira uliojaa gongo.

"Mama, mimba ya miezi mingapi?" baharia akamuuliza.

"Mingi kuliko miaka yako."

"Mbona inanuka?"

"Babake mlevi. Nipishe!"

Watu walivunjika mbavu, naye mwenyewe akashikilia filimbi yake kwa kicheko. Katika vurugu hiyo nikapita na kibuyu changu katikati ya nepi za Limi. Nilijiona mjanja. Laiti angekikuta! Laiti angekitupa pale pale gatini!

Nilipata nafasi kwenye benchi la nyuma, nje, kwenye upepo. Nikakaa peke yangu. Mpaka tunaiacha nchi kavu nilikuwa peke yangu, nakuapia. Kwenye saa tano Limi akaanza kulia, kilio cha kiu. Nikatoa kibuyu. Nikashika gunzi.

"Mwangaluka, mayu."

Nikageuka. Mwanamke wa rika langu alikuwa amekaa ubavuni mwangu, amebeba mtoto mgongoni, kamfunika mpaka kichwani. Kanga yake ilikuwa imepauka hata maua hayasomeki. Nikaitikia salamu. Sikumsikia akija, lakini melini watu wanasogea, au siyo?

"Ameonja?" akaniuliza.

"Nani?"

"Aliyekupa."

Nikacheka. Nikamwambia dada, siku hizi kuna vijidudu, mambo ya kuonjana tumeyaacha.

"Basi onja wewe."

"Ni ya mtoto."

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo," akasema. "Ni ya mtoto, wewe usinywe."

Alisema taratibu tu, kama anayenieleza bei ya dagaa. Kisha akaingiza mkono kwenye kanga, akatoa kibuyu, akakiweka kati yetu. Kidogo, kikavu, kimepasuka mdomoni. Shingoni mistari mitatu.

Niamini au usiniamini, mwili uliniwahi kabla ya akili. Nilihisi kalio langu limelowa. Nikatazama chini: maji yalikuwa yanatiririka kwenye benchi, yanatoka kwenye kanga ya yule mwanamke, na miguu ya mtoto wake iliyoning'inia pembeni ilikuwa inadondosha matone. Tangu akae mtoto yule hakuwa amejitikisa. Hakuwa hata amekohoa.

"Wewe ni nani?" Sauti yangu sikuijua.

"Mama Kabula," akasema. "Mwanangu aliinywa, akalala. Tulipofika hapa akawa baridi. Nikajitupa majini naye mgongoni." Akamwangalia Limi kwa muda, macho yake yamejaa huruma. "Wangu hakulitosha duara, linataka mwingine. Ndiyo maana amekupa na wewe."

"Mama! Mama wewe!"

Alikuwa baharia, anakuja mbio. "Tulisema nini kuhusu vinywaji vya nje? Lete hapa! Tena nitakionja nione kama siyo gongo!" Akaninyang'anya kibuyu, akang'oa gunzi, akakiinua mdomoni. Nilimpiga kofi la mkono mpaka kibuyu kikaruka ukingo, kikaangukia ziwani.

"Una wazimu?" akafoka. "Na tangu lini unazungumza peke yako?"

Nikageuka. Benchi lilikuwa tupu na limelowa upande mzima. Kile kibuyu kikavu kilikuwa bado pale. Nikamvuta baharia nikamwonyesha majini. Kile changu kilikuwa kimesimama wima, hakizami wala hakilali, kinakwenda kinyume cha mawimbi, kinarudi upande tulikotoka. Baharia alikitazama mpaka kikapotea. Hakunitoza faini. Alituletea soda ya baa mwenyewe, na kabla ya kunipa alipiga funda moja mbele yangu. Sikumwomba.

Ndani ya kibuyu kikavu kulikuwa na ushanga wa kiunoni wa mtoto mchanga, mweupe na mwekundu.

Nilikaa Mwanza siku tatu tu, nikapanda treni mpaka Shinyanga, nikateremka kwenda Didia. Nilitaka niambiwe nimeota. Nilitaka nimkute Mama Kabula anapalilia pamba na dereva wake, nimtukane, turudi salama. Nilimkuta mama yake. Nikamwamkia shikamoo, nikamwekea ushanga kwenye kiganja. Aliutazama sana. "Huu niliutunga mimi," akasema. Hakukuwa na dereva. Binti yake hakurudi nyumbani kamwe. Waliambiwa na mkwe wao kwamba yuko Mwanza, ameolewa, hataki kusikia habari zao. Mwanamume mmoja, uongo wa namna mbili, na sisi wote tuliumeza bila kuonja!

Baada ya wiki tano alikuja Mwanza. Alimsalimu mama yangu shikamoo kwa adabu zote, akaketi. Alimwangalia Limi kabla ya kuniangalia mimi, Limi aliyekuwa anatambaa mkekani na kupiga kelele. Alimwangalia kama mtu aliyekuta wazi mlango alioufunga mwenyewe.

"Umechoka na safari, Baba Limi," nikamwambia. "Ngoja nikupe maji."

Nikayaleta kwenye kibuyu cha mistari mitatu, kile kilichopasuka mdomoni. Nikapiga funda moja mbele yake, taratibu, nikamkabidhi. "Nimekuonjea," nikasema. "Kunywa."

Aliishika shingo ya kibuyu, kidole gumba kikagusa ile alama. Hakuuliza nimekitoa wapi. Mwanamume asiye na hatia angeuliza! Alikiweka chini, akasimama, akatoka. Aliacha kofia yake na kandambili moja. Mama yangu akabaki akisema, "Mkwe wangu kapatwa na nini?" Sijamwona tena, na asiombe nimwone.

Limi yuko darasa la kwanza sasa. Mzima, mkorofi, ana mapengo ya meno. Ila ukimpa kinywaji, awe mwalimu wake, awe jirani, anakishika kikombe kwa mikono miwili na kukuuliza, "Umeonja?" Nani alimfundisha? Siku ile alikuwa na miezi minane, na mimi neno hilo sijalitamka mbele yake hata mara moja. Siku nyingine anauliza kwa sauti ya taratibu, kama mtu anayetaja bei ya dagaa, na mimi natoka nje nikae peke yangu kwanza.

Wewe unayesafiri na mwanao, beba kinywaji chako ukipenda, wafiche mabaharia utakavyo. Lakini aliyekufungia, mwambie aonje mbele ya macho yako. Awe mume, awe ndugu, awe nani. Akinuna, muache anune. Akikwambia ni ya mtoto tu, mwaga hapo hapo, umbebe mwanao, uondoke.