Gari la Kijani la Rughenda

Nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika mafuta ya taa, ya kung'arishia magari: hiyo ndiyo harufu ya Jumapili za kiangazi nilipokuwa na miaka minane hapa Butembo. Wazungu walikuwa wameondoka baada ya uhuru na kuacha magari yao, na watu wetu waliyafufua. Baba yangu, Ramazani, aliyebeba maharagwe kutoka Luofu kwa lori, alilikuta lake katika ghala la kahawa, kuku wakitagia kwenye viti. Alilishughulikia miaka miwili. Taa alizitoa kwenye gari jingine, bampa aliichonga mwenyewe kwa mbao ngumu, mama akashona viti upya, kisha likapakwa rangi ya kijani kama jani changa la mgomba. Jumapili wenye magari waliyapanga kwenye uwanja wa ndege wa Rughenda, na mji mzima ulikuja kuyazunguka taratibu, mikono nyuma, kama watu wanaochagua ng'ombe.

Mwalimu Kalala hakukosa hata mara moja. Serikali ilikuwa imemleta kutoka Kasai kutufundisha, hakuwa na ndugu huku, na baba alimruhusu kuketi nyuma pamoja nami. Alinifundisha majina ya sehemu za gari kwa Kifaransa, nami nikajiona msomi.

Jumapili moja waasi waliingia uwanjani kwa lori. Tulikwisha kusikia walivyowaua makarani na walimu kule Beni. Mwalimu alivua miwani, alama ya msomi. Niliichukua nikaikalia. Mkubwa wao, kijana mwembamba, aliinama kwenye dirisha la gari letu.

“Huyu mutu ni nani?”

“Shemeji yangu, jina yake Saidi,” baba akajibu. “Anapimaka maharagwe.”

Kijana akamtazama Mwalimu, akatazama viatu vyake vilivyong'aa, si vya mpima maharagwe. Alipofungua mdomo tena, baba alikuwa amekwisha kumnyooshea ufunguo.

“Chef, motokari hii iko ya muzuri sana. Kamata. Lakini frein yake, ile breki, kanyaga mara mbili.”

Kijana alicheka kama mtoto. Tukashuka, yeye akapanda, akaondoka akipiga honi, na wenzake wakamfuata. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mwalimu alinishika mkono njia nzima. Usiku uleule baba alimtorosha kwa lori lake, chini ya magunia. Gari lilionekana baadaye mtaroni karibu na Mavivi, limeungua. Baba alikwenda kuliangalia, akarudi, akaomba chai.

Siku hizi misafara ya harusi inapita Butembo na magari yenye taa za rangi na muziki wa kutikisa madirisha. Wajukuu huniuliza kama la baba yangu liliyashinda. Hapana, nawaambia, haya ni mazuri zaidi, tena yanawaka bila kusukumwa. Lakini nikiona kijana anafuta lake kwa shati lake mwenyewe, hujiuliza angeweza kulitoa kwa haraka gani, na kwa ajili ya nani.