Pini ya Kichwa Chekundu

Mtaani walimwita Mama Mbio, na jina lilimkaa kama nguo aliyoipima mwenyewe. Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshamgeuza mama mkwe wake kitandani, amempangusa na kumnywesha chai. Kisha kikao cha kina mama, kisha cherehani mpaka mgongo ukatae. Wiki ile shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na sare zilirundikana hadi dirishani. Ukimwambia apumzike, anakujibu atapumzika akizikwa. Watu hucheka wakisikia hivyo. Mimi huwa sicheki.

Alikuwa na mtindo wake wa kazi. Pini alizibana pembeni mwa mdomo, vichwa ameving'ata kwa magego, ncha zikichungulia nje. Amezizoea hivi kwamba anaongea, anacheka, hata anagombana na wateja nazo zikiwa humo humo. Zote zina kichwa cheupe isipokuwa moja nyekundu, nayo ndiyo ya mwisho kuchomolewa kwenye nguo. Ikirudi kwenye kimto cha pini, nguo imekwisha.

Mchana ule bintiye alipita kuchukua gauni la mtoto, mjukuu wa kwanza wa Mama Mbio. Alipokwisha kuondoka, mama akakitupia macho kimto. Ile nyekundu haikuwepo.

Alipapasa meza, akapiga magoti kuikagua sakafu, akakung'uta sare moja moja. Akajaribu kukumbuka alivyopiga pindo la lile gauni, asikumbuke chochote. Mikono ilishona, yeye mwenyewe hakuwepo. Hapo ndipo hofu ilipomshika hasa. Alimpigia binti simu, ikaita tu.

Alitoka mbio bila kufunga mlango. Njia nzima alikuwa akiiona ile shingo laini ya mtoto. Mteja mmoja akamwita, "Fundi, yangu tayari?" Akampita kama hakumwona, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Alimkuta binti uani akianua nguo.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Nimemvisha gauni lako, kapendeza huyo."

"Mvue. Kuna pini."

Waliingia wakisukumana. Mtoto alikuwa kimya kitandani, kimya mno machoni pa bibi yake. Kifungo alichokishona mwenyewe kikamshinda Mama Mbio, ikabidi binti akifungue. Wakampapasa mtoto mwili mzima, hana hata mkwaruzo. Gauni wakalipitia mshono kwa mshono, hakuna kitu. Mtoto akapiga mwayo na kuwatazama.

Mama Mbio alilia. Akamnyanyua, akamwinamia ambusu shavu.

"Mama, usisogee."

Binti alisema kwa sauti ya chini. Aliupitisha mkono mmoja kati ya nyuso zao, na kwa mwingine akachomoa pini kwenye pembe ya mdomo wa mama yake. Kichwa chekundu kilitoka kimelowa mate.

"Hukuisikia?"

"Sikuisikia, mwanangu. Kweli tena."

Binti akamchukua mtoto, akasogea nyuma. Hakuwa na nia mbaya, lakini kule kusogea kulimchoma Mama Mbio kuliko pini yoyote. Aliketi kitandani. Maisha yake yote aliogopa kuchelewa. Leo alijiogopa mwenyewe.

"Lala, mama. Bibi nitakwenda kumgeuza mimi."

"Na sare?"

"Wavae za mwaka jana."

Alijilaza na viatu vyake. Simu yake iliita, ikaita tena, na kwa mara ya kwanza akaiacha.

"Basi mlaze hapa pembeni yangu," alisema, akinyoosha mkono.

Binti alimtazama mtoto, kisha akamtazama mama yake, macho yamemwiva kwa usingizi.

"Ukishaamka," alisema. Akatoka na mtoto, akaurudishia mlango.