Ripoti ya Mama kwa Kiingereza

Agosti ile ilinukia biskuti. Kila asubuhi upepo uliileta harufu ya viwanda vya Industrial Area hadi mtaani kwetu, Ziwani, tamu na yenye joto, ikaingia ndani pamoja na manyunyu na kukaa kwenye sweta na mapazia mpaka adhuhuri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, shule zimefungwa, na siku zilipita polepole, za kijivu, kama ndoto isiyotaka kukatika. Mama alikuwa mwalimu wa chekechea mtaani, na likizo ndiyo iliyokuwa zamu yake ya kuwa mwanafunzi: alisomea diploma katika chuo kimoja mjini. Ripoti yake ya mwisho ilikuwa imerudishwa mara mbili, pambizo zimejaa wino mwekundu. Mkufunzi hakulalamikia utafiti, alilalamikia Kiingereza. Kama ingerudi mara ya tatu, angeanza mwaka upya, na shuleni alikuwa ameshaambiwa kwamba Januari darasa lake litapewa mwalimu mwenye cheti.

Alasiri moja aliniita mezani. "Nekesa, wewe ndiye unayepata alama za juu za Kiingereza hapa. Nionyeshe nilipokosea." Nikasoma: *The childrens they fears to talk.* Yaani watoto huogopa kuongea, ila sarufi ilikuwa imevurugika. Nikacheka. Sikukusudia ubaya, kicheko kilinitoka tu. Mama hakunigombeza. Alikusanya karatasi, akazilinganisha kingo, akazirudisha mkobani, kisha akaenda kukata sukuma wiki. Nilibaki nikiutazama mgongo wake, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mtu mzima anaweza kuumia bila kusema.

Kesho yake nilimfuata jikoni. "Mama, nisamehe. Hebu niambie kwa Kiswahili ulichotaka kuandika." Akafunika sufuria, akaanza. Alinisimulia habari za mtoto wa kike aliyekaa darasani mwezi mzima bila kutoa neno, kwa sababu kila alipofungua kinywa aliambiwa aache Sheng, lugha ya mtaani. Siku moja Mama aliinama karibu naye akamsalimia kwa Sheng hiyo hiyo, "Niaje?" Mtoto akatabasamu. "Poa, ticha." Tangu siku hiyo hakunyamaza tena. Mama alisimulia polepole, mvua ikigonga mabati, na mimi niliyekuwa nimeshika kalamu nikasahau kuandika. Huyu ndiye mama aliyetukataza, mimi na ndugu zangu, kusema Sheng nyumbani.

"Sasa mbona sisi unatukataza?" nikamuuliza.

"Nyinyi mna maneno mengine. Yeye alikuwa na hayo tu."

Kwa wiki mbili tulikaa bega kwa bega, tukirekebisha umoja na wingi, wakati uliopita na uliopo. Mama alilipenda neno *however*. "Hili linasema, ngoja kwanza, sijamaliza," aliniambia, akaliandika kila ukurasa mpaka nikamwomba apunguze. Mkufunzi alitaka pia mwandishi asijitaje, kwa hiyo kila *I saw*, niliona, tuliigeuza *it was observed*, ilionekana. Mama alikubali kote isipokuwa mahali pamoja. "Hapa niache," alisema. "Ni mimi niliyemsalimia." Nikaiacha *I* yake ilivyo.

Ripoti ilipita. Mkufunzi alimuuliza nani aliyemsaidia, na Mama, alivyotueleza jioni ile akivua viatu vilivyolowa, alimjibu, "Sarufi ni ya binti yangu. Mengine ni yangu." Januari aliingia darasani kwake kama kawaida.

Leo kazi yangu ni kuhariri tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu. Mama amestaafu, anaishi Bungoma, na tunapoongea kwa simu hatuzungumzii ripoti ile. Nami huwaza kwamba kompyuta iliyo mbele yangu, kama ingekuwepo wakati ule, ingeinyoosha yote kabla chai haijapoa, makosa yangefutika, naye angefaulu bila kuchekwa na mtu. Ningemtakia hivyo. Ila ningefika utu uzima nikidhani mama yangu ni mtu wa kunipikia na kunikanya tu.