Nyumba ya Mwisho Kwenye Ubao

Nilipoomba likizo ya mwaka mmoja bila mshahara, mwalimu mkuu alidhani naumwa. Aliniuliza kama nimekwenda kupimwa kifua. Nikamwambia mimi mzima, nataka kuandika kitabu cha hadithi. Alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta kwa pindo la shati. "Mwalimu," akasema, "nchi nzima imeshika jembe, wewe unataka kwenda kukaa?" Kisha akatia saini. Nadhani alifanya hivyo ili apate kisa cha kuwasimulia wenzake.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sijaoa, na nilikuwa nimefundisha kuzidisha na kugawanya kwa miaka saba. Nilijiona mtu mwenye kitu ndani. Ndivyo nilivyojiambia, nina kitu ndani, na leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Nikarudi kwa mama. Alikuwa mjane, akiishi mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Miteja kuelekea bara. Nyumba zetu zilikuwa zimetawanyika ndani ya mikorosho, kila moja na shamba lake, huwezi kuiona ya jirani mpaka uifikie. Mama alinipa chumba cha uani. Kila asubuhi akipita mlangoni alitembea kwa ncha za vidole, na wageni aliwaambia kwa sauti ya chini, "Yumo kazini." Mimi humo ndani nilikuwa nimelala chali nikihesabu fito za dari.

Kitabu kiligoma. Miezi mitatu nikawa na kurasa kumi na moja, na kati ya hizo nane zilikuwa mwanzo uleule ulioandikwa upya. Kila mtu niliyemuumba alizungumza kama mwalimu wa darasa la nne. Nilikuwa nimeacha kazi kwa ajili ya jambo nisiloliweza, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama ambaye alikuwa akitembea kwa ncha za vidole.

Mchezo ulianza kwa uvivu tu. Palikuwa na ubao wa kisanduku cha chai, nikaanza kuchora juu yake nyumba yetu, kisha njia inayotoka kwetu, kisha nyumba inayofuata. Baada ya wiki nilikuwa nimechora makazi yote: vijia, kisima, mikorosho mikubwa ambayo watu huitumia kuelekezana. Nikatunga sheria. Mchezaji anarusha kauri nne, anahesabu zilizoangukia mgongo, anasogeza korosho yake mbichi hatua hizo. Akifika kwenye nyumba anapiga hodi, na wapinzani wanamtegea kitendawili. Akishindwa, halali hapo, anarudi alikotoka. Wa kwanza kufika nyumba ya mwisho ndiye mshindi.

Majirani waliupenda kuliko nilivyotarajia, ila waliucheza kwa namna yao. Mtu hawezi kupiga hodi nyumbani kwa watu akaondoka hivihivi, hata kama nyumba yenyewe ni ya wino. Kwa hiyo kila walipofika walisalimia, wakauliza hali ya mgonjwa, wakauliza kama mbuzi amekwishazaa, na mwenye nyumba, akiwa amekaa papo hapo kwenye mkeka, alijibu yote. Mchezo nilioupangia saa moja ulichukua alasiri nzima. Nilikasirika. Kumbe hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kutunga ambayo watu waliishi ndani yake, na mimi nilikuwa nawahimiza wafanye haraka.

Nyumba moja niliiacha kwa makusudi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, aliishi mbali kuliko wote, nyuma ya kilima, kwenye kijia kinachopinda mara mbili mpaka unadhani umepotea. Ubaoni nafasi haikutosha. Mama alipouona ubao akazihesabu nyumba moja moja.

"Umewaandika wote, hata yule mlevi wa kisimani, ukamwacha shangazi yako?"

"Nafasi imekwisha, mama."

"Mzee hatengwi, mwanangu. Akisikia ataumia."

Mama alikuwa na haki. Kwetu, jambo la ukoo likipita bila mkubwa kutajwa, hilo ni tusi. Nikakwangua pembe moja kwa kisu, nikamchora, na ili kumpa heshima nikaifanya nyumba yake kuwa ndiyo ya mwisho, ile ya ushindi. Nikambebea akaone. Aliuweka ubao mapajani, akafuata kijia kwa kidole, akanisahihisha. Mpindo wa pili uko baada ya jiwe, si kabla. Kisha akaniambia niongeze mikorosho yake mitatu na kaburi la mumewe lililokuwa nyuma ya nyumba.

"Hapo ubavuni pake uache wazi, baba," akasema. "Hapo ni pangu. Nilimwahidi."

Nikaacha wazi, nafasi ndogo kama ukucha.

Muda si mrefu habari ya kuhamia vijijini ikatufikia. Wote tuteremke tukakae kando ya barabara kuu, mahali pamoja, penye shule na zahanati. Sikuichukia habari hiyo. Nilikuwa nimeifundisha darasani kwa chaki yangu mwenyewe. Balozi wetu wa nyumba kumi aliambiwa aorodheshe nyumba zote za upande ule, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, akaja uani kwetu anitajie niandike. Majirani wakakaa wakisikiliza. Alitaja nyumba kumi na saba, akanyamaza. Nami nikanyamaza, kalamu mkononi. Hakuna aliyemtaja shangazi. Mtu mmoja akakohoa. Balozi akasema, "Zimekwisha," nami nikapiga mstari chini.

Hakuna aliyeagiza iwe siri. Wote tulijua kwamba shangazi ameahidi kulala ubavuni pa mumewe, na kwamba ukimwondoa pale unamzika kabla ya siku yake. Nilijua kama walivyojua wengine. Hilo nalisema wazi, maana kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuelewa.

Wiki mbili baadaye niliuchukua ubao nikaenda nao Kilwa Masoko. Nilikuwa nimesikia kuna bwana mmoja anayeshughulikia elimu ya watu wazima, na kwamba hupenda vitu vipya. Likizo ilikuwa imevuka nusu, kitabu hakipo, na nilihitaji mtu mwenye meza aniambie kwamba sikuupoteza mwaka. Aliniambia. Alicheza nami mizunguko miwili, akashindwa vitendawili vyote, akacheka. Akapitisha kidole kwenye vijia akauliza, "Hivi kweli nyumba zimekaa namna hii?" Nikajibu kwa majivuno, "Hata jiwe liko mahali pake."

Akasema niuache awaonyeshe wakubwa, huenda ukachapwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena. Wallahi, njiani sikumfikiria shangazi hata kidogo. Kwangu ule haukuwa ramani. Ulikuwa mchezo, na mchezo wenyewe ulikuwa wangu.

Tulihama kiangazi. Watu walibeba milango yao, wakaacha kuta. Shangazi akabaki, na akina mama waliorudi kuokota korosho walimpelekea chumvi na kiberiti. Ikapita miezi miwili. Siku moja mchana, nikiwa nakandika udongo kwenye nyumba mpya ya mama, lori likasimama. Shangazi alikuwa juu ya lori, amekaa juu ya mkeka wake uliokunjwa, kinu chake kikiwa kando. Mgambo mmoja aliteremka na ubao wangu kwapani.

"Mwalimu, mchezo wako huu. Yule bwana wa elimu anakushukuru sana," akasema kwa uchangamfu. "Tulikwenda kuhakiki kama makazi ya zamani ni matupu. Orodha ilikuwa na nyumba kumi na saba, ubao una kumi na nane. Tukaona heri tukaangalie."

Orodha ilikuwa mwandiko wangu. Ubao pia. Majirani waliokuwa wakikandika pamoja nami waliacha kukandika.

Nikaenda kumshusha shangazi. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba." Alinishika bega, akashuka taratibu, akautazama ubao mikononi mwangu. "Ulichora vizuri," akasema. "Hawakupotea hata mara moja."

Hakusema kwa hasira. Laiti angenitukana.

Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Ila katika kijia chetu kipya, ambako nyumba zilisogeleana hata unasikia jirani akikoroga uji, hodi zikakoma mlangoni kwetu. Mama alisalimiwa kisimani, si nyumbani. Alianza tena kutembea kwa ncha za vidole, safari hii bila sababu yoyote ya kujivunia. Jioni moja niliutia ubao mekoni. Uliwaka vibaya, kwa moshi mwingi, na mama alikoroga ugali juu yake bila kuniuliza.

Nilirudi shuleni kabla likizo haijaisha. Mwalimu mkuu aliniuliza mbele ya wenzangu kitabu kiko wapi. Nikamwambia bado. Alikuwa muungwana, hakuuliza tena.

Shangazi alifariki masika yaliyofuata. Njia ya zamani ilikuwa imejaa maji na kibali cha kuzika kule hakikupatikana, tukamzika kwenye makaburi mapya kando ya barabara, ubavuni pa mtu ambaye hakuna kati yetu aliyemfahamu. Kabla hajafa aliniita. Nilidhani ataniambia lile neno nililokuwa nikilingoja. Alinishika mkono akasema, "Ukipata nafasi, ukamfagilie mume wangu. Atakuwa amejaa majani."

Nafasi niliipata baada ya miaka sita. Nilikwenda na jembe na ufagio, nikalipita eneo la kisima, nikapanda kilima. Mikorosho ilikuwa imefungwa na vichaka, vijia vimekufa. Mpindo wa kwanza niliupata. Wa pili ulikuwa baada ya jiwe, hilo nililikumbuka, lakini jiwe sikuliona, na kitu pekee kilichokuwa kikijua njia ile nilikuwa nimekitia mekoni kupikia ugali. Nilizunguka mpaka adhuhuri. Kisha nikafagia mahali fulani chini ya mkorosho mmoja, popote tu, nikashuka barabarani.