Ng'ombe Aliyeondolewa Mchana

Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito alikuwa na mtamba mwekundu, akamweka kwetu. Wenyeji wa hapa desturi hiyo wanaiita kimanagan: unampa rafiki ng'ombe wako amchunge, yeye anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako. Hupewi na kila mtu. Baba yangu alitoka milima ya magharibi, akachuma chai ya wazungu kule Kericho mpaka mgongo ukapinda, ndipo akanunua kipande cha shamba upande huu wa Ndanai, Uhuru ukiwa bado mchanga. Siku alipokabidhiwa mtamba ule, aliingia nyumbani akamwambia mama, "Sasa sisi ni watu wa hapa."

Mtamba akakua, akazaa kwetu. Jirani alikuwa anakuja kumwona, anakaa, anakunywa chai, anamtania baba kwamba ng'ombe amejifunza kusali kwa lugha yetu.

Halafu ikaja Alhamisi moja ya mvua kubwa. Alikuja saa sita mchana, peke yake, bila shahidi. Mama alikuwa mlangoni anapepeta wimbi. Mimi, msichana wa kuolewa wakati huo, nilikuwa naosha vibuyu.

"Karibu mzee, chai iko motoni."

"Leo sitaketi."

"Hata kikombe kimoja? Nani amekukasirisha hapa kwetu?"

"Nimekuja kuchukua ng'ombe yangu."

"Mwenyewe hayuko, amepeleka ng'ombe wengine dipu kuogeshwa."

"Ng'ombe yuko."

Akafungua kamba. Ndama akafuata nyuma. Mtu akimchukua tena ng'ombe wa namna hiyo huja na mwenzake, hunywa, hushukuru, hata humwachia mchungaji kitu. Huyu hakunitazama mimi, hakumtazama mama. Alipofika kijitoni aliangalia nyuma mara moja tu, akaendelea.

Baba aliporudi hakula. "Nimemkosea wapi?"

Mama akasema, "Labda ni ile siku mbwa wetu alimfukuza shemeji yake mpaka akapoteza kiatu."

"Kwa kiatu? Si tulicheka wote?"

"Wewe ulicheka. Yeye alitabasamu."

Basi jioni nzima walipekua makosa yao. Boriti ya ua tuliyoazima kwake, salamu ambayo baba hakuijibu sokoni, mimi kumkataa mpwa wake. Huko sokoni kulikuwa na watu waliojiita askari wa mpaka, walikuwa wanasema kila siku kwamba sisi wa kuja turudi tulikotoka. Tuliwasikia. Lakini sokoni watu husema mengi, na sisi tuliona ng'ombe ameondoka kwa sababu ya uchungu wa urafiki. Baba akakata shauri: asubuhi angeenda kuomba radhi.

Kulipopambazuka akashika jogoo wetu mkubwa, akamfunga miguu, akateremka kijitoni. Risasi ya kwanza ilikuwa yake.

Mama alinivuta mkono tukakimbia. Chai yetu ilikuwa imepandwa juzi, haiwezi kuficha hata kuku. Tukavuka kijito kwa chini, tukaingia katika chai ya jirani, ambayo ilikuwa imekomaa na imeshikana, tukalala kifudifudi kwenye matope. Kutoka pale niliona paa letu likishika moto. Niliona nyumba ya mjane aliyekuwa akiuza mboga ikishika moto pia, na yeye na mjukuu wake hawakutoka. Nilimwona mwalimu wetu wa dini akitoka na mikono juu. Wakamkata hivyo hivyo.

Na waliofanya niliwaona. Mwuza nyama wa sokoni ndiye alikuwa na bunduki. Mwenye kinu cha posho, aliyetusagia mahindi miaka yote na kuuliza habari za watoto, alibeba mafuta ya taa. Ndugu wa mzee wa kijiji aliswaga ng'ombe wetu. Nasema wazi, na nitasema tena. Ofisa aliyekuja baadaye akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tatu. Akaniambia mtu aliyelala kwenye chai huona majani tu.

Kabla ya adhuhuri mke wa jirani alitufikia pale chini na kibuyu cha maziwa. "Kunyweni, msikohoe." Wengi wanasema mama yule alikuwa na huruma, na mimi sikatai, maziwa niliyanywa. Lakini alijuaje tuko mstari ule? Na nikiwa nakunywa nilimsikia mtamba mwekundu akilia bomani mwao, mzima.

Mama hakuishi sana baada ya hapo. Shamba sikuliacha, wengine waliuza kwa bei ya kuku wakarudi magharibi. Niliolewa hapo hapo, nikapanda chai upya, na katika miaka hii ya sabini nikawa napanga foleni na watu hao hao kwenye banda la kuuzia chai. Wananisalimu. Nasalimu. Kwa yule jirani nilikuwa na jambo moja tu, nalo halikuniacha nilale: nani alimwambia aondoe ng'ombe. Angemtaja huyo mtu, tungekuwa mashahidi wawili.

Siku moja alisimama nyuma yangu, kikapu mgongoni. Sikungoja tufike kando.

"Mzee, nani alikuambia uchukue ng'ombe?"

"Mama, ng'ombe ilikuwa yangu."

"Sijauliza ilikuwa ya nani."

Wanawake wakageuka. Mmoja akacheka kwa woga, akasema, "Jamani, chai itakauka."

Mzee akatazama miguu yake. Kisha akasema polepole, "Walituapisha tusiseme. Nikaja mchana, kila mtu akiona. Nikakataa chai ya mama yako. Nikafungua ng'ombe ambaye ana maziwa. Mtu mzima angeelewa. Ningesema vipi zaidi?"

"Kwa mdomo."

"Baba yako alikuwa rafiki yangu."

"Alikuwa anakuja kwako kukuomba msamaha. Kama ulikuwa unatuonya, twende leo kwa chifu, uwataje waliokuapisha. Mimi nitasimama na wewe."

"Nina watoto, mama."

"Na mimi nilikuwa mtoto wa nani?"

Akakaza kamba ya kikapu chake. Mpimaji akaita anayefuata, ni mimi. Nilipogeuka kutoka kwenye mizani, jirani hakuwepo. Alikuwa ameondoka na chai yake bila kupima.

Watu wanasema nilimwaibisha mtu aliyejaribu kutuokoa. Labda. Mimi naona aliokoa ng'ombe, na hilo la onyo alilitengeneza baadaye, usiku baada ya usiku, mpaka likamkaa mwilini. Tangu siku ile anauza chai yake kwenye banda la kilima cha pili, mwendo mrefu kwa mzee kama yeye. Ameniogopa, wanasema. Njia ya huko inapita kwenye kinu cha posho, na wameniambia kila asubuhi kuna kiti nje, na yeye anaketi, na anakunywa chai.