Zaituni Hakugeuka

Harufu ya halwa ya Maskati mi siiwezi, na watu wa hapa Muyinga wanajua. Kwenye harusi wakipitisha sahani wananiruka bila kuniuliza. Ni ile harufu ya zafarani, samli na hiliki, nzito, inayokukaa kooni kabla hujaonja. Ilikuja nyumbani kwetu Gitega kiangazi kimoja, ndani ya sanduku la ami Salehe, ndugu wa marehemu baba, pamoja na udi na vitambaa na saa ya ukutani iliyochorwa Makka. Alipolifungua sebuleni, mtaa wetu wote wa Waswahili ulinusa. Wanawake wakaja na visingizio, huyu anaazima kinu, yule anauliza habari za safari. Mi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Dada yangu Zaituni alikuwa na kumi na mitatu, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka msikitini. Mama alitulea kwa kushona kofia kwa mkono, macho yake mekundu kila jioni.

Babu yetu mzaa baba alikuwa Mwarabu wa Omani. Alikuja Burundi kununua ngozi na kuuza nguo, akaoa huku wake wawili, akazaa, kisha kwao kulipoanza kuwa kuzuri akarudi. Alimwandikisha Salehe, mtoto wa mke mkubwa. Baba yetu hakuandikishwa. Kwa hiyo Salehe alipata pasipoti ya Omani na sisi tukabaki na pua yake tu. Mama alikuwa akisema hivyo akicheka, lakini kiangazi kile hakucheka, maana Salehe alisema anaweza kumchukua mmoja wetu akasome Maskati.

Njia yenyewe ilikuwa hii, na nasikia si sisi pekee tuliofanya. Zamani pasipoti ya baba ilibeba watoto wake humohumo, jina na umri tu, bila picha. Salehe alikuwa na binti, Asha, aliyemwacha Muyinga kwa dada yake, shangazi Rukia. Asha aliugua surua, akafa, akazikwa, na hakuna aliyekwenda kokote kusema. Jina lake lilibaki kwenye karatasi. Salehe alimwambia mama, mi nikiwa nimekaa mkekani nawasikia: "Mtoto amekufa, shemeji. Jina halijafa. Utaliacha lioze bure?" Mama akauliza, "Na Zaituni wangu je?" Akajibiwa, "Zaituni atakuwepo palepale. Ni kuitwa tu."

Tukapelekwa Muyinga kwa shangazi Rukia, mi na dada, kwa wiki tatu za mafunzo. Mama alibaki Gitega kumalizia kofia alizoagizwa. Salehe alisema mpakani Kobero huwa wanamwita mtoto ghafla, kwa jina lake la kweli, kumnasa. Sijui kama ni kweli, lakini alikuwa na hofu hiyo, na hofu yake akaifanya kazi yangu. Nilitakiwa kumvizia dada na kumwita "Zaituni!" popote. Akigeuka, hali nyama siku hiyo, na mi napewa kipande cha halwa. Asipogeuka, anakula yeye. Alitakiwa kuitikia Asha tu. Shangazi Rukia ndiye aliyekuwa mwamuzi, amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, kijiko cha halwa mkononi.

Niseme ukweli, niliipenda ile kazi. Nilimwita akiwa amebeba ndoo kichwani. Nilimwita akiwa kwenye usingizi wa mchana, naye akaamka na kuitika, "Abee?" na shangazi akacheka mpaka kanga ikamfunguka. "Amekula hasara huyo! Mwajuma, njoo mwanangu, fungua mdomo." Siku za mwanzo dada alikuwa akinitania, ananiita Kidomo cha Samli, ananifukuza uani. Wiki ya pili aliacha kunitania. Alianza kutembea shingo imekaza, kama mtu aliyebeba kitu kichwani hata pale asipobeba kitu.

Halafu siku moja nilikanyaga msumari nyuma ya choo. Uliingia mpaka ndani. Nikapiga kelele, "Zaituni, nisaidie! Zaituni wee, nakufa!" Dada alipita karibu yangu na kapu la maharage. Kanzu yake ilinigusa bega. Hakugeuza hata jicho. Ami Salehe alikuwa ametoka na birika la kutawadhia, akaona yote, akapiga makofi. "Basi! Huyu yuko tayari." Walipoingia ndani, dada akarudi, akakaa chini, akaushika mguu wangu na kuuchomoa ule msumari. Nikamwambia, "Dada, mi nilikuwa naita kweli." Akasema, "Nitajuaje? We unaita kila siku."

Gitega nako, mambo yalikuwa yamegeuka na sisi hatuna habari. Wakati ule watu wa Maskati hawakuandika barua, walirekodi sauti kwenye kaseti na kumpa msafiri. Jirani yetu alipokea kaseti ya binti yake aliyeolewa kule, na asubuhi moja wanawake wakakaa kuisikiliza pamoja kama kawaida, mama akiwa kati yao na kofia yake mapajani. Baada ya salamu za nusu saa yule binti akasema: mke wa Salehe amepooza, wasichana wa kazi wawili wamemkimbia, na Salehe ameapa safari hii ataleta mtu wa damu yake asiyeweza kukimbia. Mama aliacha sindano kwenye kofia. Alipanda lori la maharage asubuhi ileile, kanga moja, bila chakula.

Muyinga akaambiwa tumeshaondoka, akatukuta Kobero. Kulikuwa na malori yamepanga foleni mpaka kwenye kona, wabadilisha pesa wakipiga kelele, wapagazi wakigombania mizigo. Mi na shangazi Rukia tulikuwa tumewasindikiza Salehe na dada mpaka kwenye bariyeri, ule mti wa kuzuia njia. Ofisa alikuwa ameshaita, "Asha!" na dada alikuwa ameshaitika "Naam" kwa sauti nzuri. Baba yako nani? Salehe. Muhuri ukapigwa. Salehe, kwa furaha, akanipa kopo lote la halwa lililobaki, nikabandua mfuniko hapohapo. Walikuwa wamevuka, wanatembea kuelekea Kabanga upande wa Tanzania, hatua kama hamsini kutoka kwetu, mama alipodondoka kutoka kwenye lori.

"Zaituni!" Sijawahi kusikia tena mtu akiita namna ile. "Zaituni! Zaituni wee! Rudi, mwanangu!"

Wapagazi waligeuka. Madereva waligeuka. Salehe mwenyewe aligeuka, akamwona, akaweka mkono kwenye kisogo cha dada. Zaituni hakugeuka. Alitembea shingo imekaza, kifurushi kichwani, kama nilivyomfundisha.

Mama alimshika ofisa mkono. "Yule binti yangu, anaibiwa!" Ofisa alikuwa mtu mpole, akafungua daftari lake. "Yule ni Asha, mama, na yule ni baba yake. Wako anaitwa nani?" "Zaituni." Ofisa akamtazama kwa huruma. "Umemwita mara ngapi? Angekuwa wako angegeuka."

Na mi nilijua dawa. Ilikuwa neno moja. Ningeita "Asha!" angegeuka, angemwona mama, na sijui mtu gani duniani angemshika tena. Nilijua hilo nikiwa na miaka kumi na mmoja, nililijua wazi kabisa. Lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa halwa, inanata, na shangazi Rukia ameniminya bega, na nilipoimeza walikuwa wameshapita lori jekundu na hawaonekani.

Nawataja kwa majina, sina sababu ya kuwafichia. Salehe, aliyefanya biashara ya jina la mtoto wake maiti. Rukia, mwenye kijiko, ambaye alikufa kitandani kwake akisomewa vizuri. Na Mwajuma, yaani mi. Mama simweki kwenye hesabu hii, ingawa yeye mwenyewe alijiweka mpaka siku ya mwisho. Vita vilipotutupa kambini Tanzania alikuwa akimuuliza kila mfanyabiashara mwenye kanzu kama anatoka Omani. Alizikwa hukohuko, mi nikarudi na kukaa hapa Muyinga.

Siku hizi watu wanapita njia ileile kwa namna nyingine. Wasichana wa Mwakiro, hapa jirani, watoto wa wakulima waliorudi kutoka Tanzania, wanakwenda Omani kwa ndege kufanya kazi za nyumbani, kila mmoja na pasipoti yake, picha yake, jina lake. Makomisioneri, wale mawakala wa kazi, wanawakusanya hapa mjini. Mmoja wa wasichana hao alimpata dada yangu mwaka jana, bibi mwenye wajukuu, anaitwa Bi Asha. Nilitumiwa sauti yake kwenye simu. Ilikuwa fupi: "Mwajuma, niko hai. Watoto wangu wote wameandikwa kuwa mama yao ni Asha. Lile lingine usiliite kwenye simu, watasikia." Kicheko sikukisikia.

Basi likiondoka na wasichana, mi huenda kituoni. Nawauliza wenzao majina, kisha nasimama nyuma na kuwaita mmojammoja. Vanesa! Espe! Hadija! Nangoja kila mmoja ageuke. Makomisioneri wananicheka, wananiita Mama Rejista. Juzi mmoja, anaitwa Fina, nilimwita mara tatu, hakugeuka. Nilipiga ubavu wa basi kwa kiganja mpaka dereva akanitukana. Kumbe alikuwa na visikilizio masikioni. Akavitoa, akachungulia dirishani kwa hasira.

"Bibi, unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu," nikamwambia. "Umeshageuka. Nenda."